Kinsi na Lori la Pili

Miaka ile ya vita, mwanamke wa Garissa aliyekuwa na safari ya Idd hakuanzia kwa dereva. Alianzia kwa Kinsi, mke wa Nuh, aliyeuza chai ya maziwa pale malori yalipopakia watu. Kinsi angemwambia asafiri siku nne tano kabla, watu wakiwa bado wachache, na cheti cha ruhusa kisomwe jina kwa jina kabla mzigo haujafungwa. Maji yasiwe katika chombo kimoja. Hayo aliyasema huku akimimina chai. Lakini kulikuwa na neno moja ambalo kila alipolifikia aliweka birika chini.

"Lori likijaa, rudini nyumbani nyote. Msigawanyike."

Hakueleza kwa nini, na waliojua hawakumuuliza.

Ilikuwa mwaka wa sitini na tano, Ramadhani inakwisha. Hukuweza kutoka mjini bila cheti, na malori hayakuondoka ila kwa msafara, askari mbele. Mama yake Kinsi alikuwa hoi kule Hadado, ametuma salamu kwamba anataka kumwona mjukuu mchanga kabla hajafa. Nuh alikuwa Liboi na ng'ombe wake, barabara imefungwa. Basi Kinsi akatoka na wifi yake Timiro, mtoto mchanga Adow akiwa mgongoni na Arbia, binti yake wa miaka miwili na nusu, ameshikwa mkono.

Walifika wamechelewa. Lori la kwanza lilikuwa limejaa mpaka juu ya magunia.

"Mama, nafasi ni ya mmoja na huyo mchanga," dereva alisema. "Ngojeni msafara wa kesho kutwa."

"Kesho kutwa ni Idd!"

Timiro akamsukuma taratibu. "Panda, dada. Mimi na Arbia tutakuja na lile la nyuma. Tutafuturu pamoja Habaswein."

Kinsi akapanda. Arbia alimtazama kidogo tu, kisha akarudia tende aliyopewa na shangazi yake.

Walipopita Modogashe, milio ya bunduki ikasikika nyuma. Badala ya kusimama, lori la kwanza likaongeza mwendo. Kinsi akapiga ubao kwa ngumi, akimlilia dereva kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Simama, baba! Mtoto yangu iko nyuma!" Dereva hakusimama. Angesimama huenda wangekufa wote, na Kinsi alilijua hilo. Kulijua hakukumsaidia kitu.

Lori la pili lilifika Habaswein magharibi, likivutwa. Timiro alikuwa ndani, amefunikwa shuka. Arbia hakuwemo. Walionusurika walisema watu waliruka wakatawanyika vichakani. Mmoja alimwona mtoto akikimbia peke yake, kisha hakumwona tena. Risasi zilitoka kwa nani, kila mtu alikuwa na lake.

"Mtoto yangu imebotea," Kinsi alimwambia askari wa kituoni. Akaandikwa jina, akaambiwa angoje. Alingoja siku tisa. Katika siku hizo mama yake akazikwa Hadado bila kumwona mjukuu.

Kinsi akarudi Garissa. Barabara ya Liboi ilipofunguliwa Nuh naye akarudi; aliyepoteza dada na binti siku moja, hakumlaumu. Alisema ni amri ya Mungu, akatoka nje, akakaa na ng'ombe mpaka jua likazama. Kinsi angependelea atukanwe.

Ndipo alipoanza kuuza chai pale stendi, apate kumwona kila anayeshuka. Aliwauliza wote habari za mtoto mwenye alama ya kuungua begani. Akina mama waliokuwa wakipanda aliwashika wasiondoke mpaka mtoto ataje mbele yake jina lake, la baba, la babu, na kisima chao. Mtoto akikosea, alirudishwa mwanzo.

Mwishoni mwa sitini na saba, wakubwa walipopatana na barabara zikaanza kufunguka, mchuuzi wa mbuzi aitwaye Kerrow alishuka na kumjia moja kwa moja.

"Dada Kinsi, karibu na Hadado kuna msichana mwenye alama ile begani. Wanamwita Dokata. Anaongea Kiborana."

Kinsi akafunga safari. Mtoto aliishi na Mumina, mjane wa Kiborana aliyejua Kisomali cha kutosha.

"Tulikuwa tukihamisha ngamia kupitia Modogashe, nikamkuta kichakani, midomo imepasuka," Mumina alisimulia. "Nikamuuliza jina, akasema Macaan."

Kinsi akaziba mdomo kwa shela. Macaan ni utamu. Lilikuwa jina la kumbembelezea.

"Nikamuuliza, wewe ni mtoto wa nani? Akasema, wa hooyo. Haya niambie, dada yangu, ningemtafuta hooyo yupi? Kila Msomali anamwita mama yake hooyo. Wangu wawili nimewazika. Nikamlea."

Kinsi akafungua mikono. Mtoto akajificha nyuma ya nguo ya Mumina.

Alikaa pale siku ishirini, akikamua na kuteka maji, na mtoto akimkwepa. Mwishowe Mumina mwenyewe ndiye aliyesema, "Mchukue. Ana baba." Akampandisha kwenye lori, akarudi kwa ngamia wake bila kugeuka. Mtoto alilia mpaka Habaswein, kisha akanyamaza, na nyumbani hakusema neno mwezi mzima. Adow ndiye aliyemrudisha kwenye Kisomali, kwa michezo.

Baadaye alimwita Kinsi hooyo, lakini homa ilipompanda alimwita Mumina, kwa Kiborana. Kinsi akajifunza lugha ile, kiasi cha kumjibu.

Tangu hapo kila Idd walisafiri kwenda Hadado, wote wanne, siku nyingi kabla ya msongamano. Lori halijasimama vizuri, msichana alikuwa ameshasimama kuruka. Na likisimama tu, alikimbia kuelekea kwenye nyumba ya Mumina, viatu mkononi.

"Shuka, tukawasalimu," Nuh alimwambia mkewe.

"Tangulieni," Kinsi alijibu, akijishughulisha na kamba ya mzigo. "Mwacheni kwanza amsalimie."