Mimba Isiyokuwepo

Mtaani walimwita Mama Sungura. Mtoto hakujaliwa, alikuwa na mabanda ya sungura nyuma ya nyumba, na mume aliyekwenda ng'ambo kujenga maghorofa, sasa mwaka wa pili. Kuna siku sungura ndio pekee waliosikia sauti yake.

Alipokwenda hospitali kutolewa mawe ya nyongo, walimpima damu kwanza. Daktari akarudi na kumwambia upasuaji utasubiri: ana mimba. Aliyemsindikiza alikuwa wifi yake. Wifi akatazama sakafu, akachukua mkoba, akaondoka bila kuaga.

Habari zikamfikia mume siku hiyohiyo. Hakupiga simu; mke alipompigia, iliita hadi ikakatika. Majirani nao salamu zikawa za mkato. Yeye alijua fika hamna kitu tumboni, lakini mara nyingine alijikuta amelishika tumbo, akitamani hicho kitu kiwepo, kisha akajionea haya.

Picha ya tumbo haikuonyesha chochote. Daktari akahofia uvimbe mbaya unaoweza kuiga mimba kwenye damu, akaagiza mkojo upimwe: hakuna mimba. Damu ikapelekwa maabara nyingine yenye kipimo cha aina tofauti, nako hakuna.

Daktari akamketisha, akamweleza taratibu. Kipimo chao hutumia kingamwili, zile askari za damu zinazokamata vitu vigeni, zinazotokana na wanyama. Damu yake nayo ilikuwa na kingamwili zilizozishika zile, pengine kwa kuishi na sungura, na mashine ikasoma mimba.

"Kwenye mkojo hazipiti, ndiyo maana kule hatukudanganyika," akasema. "Hukukosea kitu, mama. Tuliokosea ni sisi."

Wifi alikuja na machozi, akaomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Mume naye akapiga.

"Nimeelezwa," akasema. "Kumbe mambo ya mashine."

"Hukuniuliza."

"Niliogopa utakachonijibu."

Salio likaisha, simu ikakatika.

Upasuaji ulikwenda salama. Wifi alimletea chakula wodini, wakaongea habari za bei ya vitu na mvua. Mume ameahidi kurudi mkataba ukiisha, na sasa kila Ijumaa hupiga bila kukosa. Mke hupokea, humwambia hajambo, halafu hukaa na simu mapajani, kioo kikizimika, asijue mengine yote amwambie nani.