Anwani Ambayo Senge Angeweza Kusoma

Nilipomaliza masomo Nairobi nilirudi Kaplong kufundisha kompyuta katika chuo kidogo cha kanisa. Tulikuwa na mashine nne na laini moja ya simu, iliyokatika kila mvua ikinyesha, yaani karibu kila alasiri. Saa zisizo na darasa nilitengeneza tovuti ya habari za nyumbani, ili watoto wetu walio ng'ambo wapate kuona harusi, matanga na hata ng'ombe wanaouzwa.

Msomaji niliyemtaka kwanza alikuwa binti wa Senge, kama tunavyomwita shangazi, dada wa baba. Binti alikuwa akisomea uuguzi Kanada, na kaka yake alikuwa ameoa huku nyumbani, Silibwet, bila yeye kuwepo. Jumamosi moja alipiga simu ofisini kwetu, akiwa amekaa mbele ya kompyuta huko kwao, na Senge, aliyekuja kuipokea, akaanza kumsomea anwani ya picha za harusi niliyoiandika kwenye karatasi.

"Halafu weka alama ya kuuliza," akasema. Akasikiliza, akakunja uso. "Mimi siulizi kitu. Nimesema uiweke. Halafu namba arobaini na saba, halafu ile alama iko kama mtu amekaa amekunja miguu."

Walihangaika hivyo mpaka simu ikakatika. Senge akanitazama kama anayesahihisha daftari chafu.

"Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi," akasema. "Mtoto akishindwa kusoma ulichoandika ubaoni, kosa si la mtoto."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Zile namba na alama zilikuwa za programu yangu, si za watu. Wiki hiyo nikaandika orodha ya njia: anwani ikija na jina la mahali, mstari wa kuinama, kisha jina la jambo, programu yenyewe itafute ukurasa unaohusika. Mtu aandike silibwet/harusi, basi.

Jumamosi iliyofuata Senge alisema anwani nzima bila kutazama karatasi.

"Anasema ameona ng'ombe," akaniambia. "Wa Ndanai. Anakaribia kuzaa."

Hapo nikajua nilipokosea. Programu ilisoma orodha kutoka juu kwenda chini, na njia ya kwanza, niliyoiandika nikijaribu tangazo la ng'ombe anayeuzwa Ndanai, ilikuwa pana mno. Ilimeza kila anwani iliyokuja. Nikamwomba Senge akate simu, maana kompyuta nayo ilihitaji laini hiyo hiyo, nikaibana njia ile ishike Ndanai peke yake.

Baada ya nusu saa binti akapiga tena. Senge alisikiliza kwa muda mrefu, midomo ikitetemeka kwa kicheko.

"Ndiyo, hilo alilovaa kaka yako ni koti la baba yenu," akasema. "Mikono ilikuwa mirefu. Niliikunja mimi mwenyewe asubuhi ile."

Jumapili, wakati wa matangazo, alisimama kanisani akawatajia watu anwani ile mara mbili, polepole, kama imla. Jumatatu nikakuta kina mama watatu mlangoni pa ofisi, kila mmoja na karatasi yenye jina la kijiji chake na jambo alilotaka watoto wake waone. Nikawakaribisha chai, nikawasha mashine.