Nahodha Niliyemuua kwa Kipaza Sauti

Naandika haya aibu ingali mbichi. Jana jioni gari la sinema lilifika Nyarugusu, kwenye machimbo yetu ya dhahabu, mfasiri wake amekaukiwa na sauti. Baba akajigamba mbele ya wachimbaji wenzake: “Nimeuza ng'ombe mwanangu asome sekondari, Kiingereza anakimudu!” Mimi, ninayeona haya hata kuamkia wageni, nikapewa kipaza sauti niifasiri filamu. Kwenye filamu, mabaharia wa merikebu ya matanga walisema mbio mbio, sikuambulia neno, nikawa natunga tu. Nahodha alipotumbukia baharini, nikatangaza kwamba mamba wamemla. Akina mama wakaangua kilio. Mara nahodha huyo, anapanda kamba, mzima, anacheka!

“Mamba wamemtapika!” mchimbaji mmoja akapiga kelele.

Baba akasimama, akaniuliza taratibu: “Masanja, ng'ombe wangu walimsomesha nani?”