Ushuhuda Uliotangulia

Ibada ya pili ilipokwisha, zilifuata kelele za mabenchi. Yaliburutwa juu ya saruji mpaka yakatazamana, na kelele hizo ziliingia hadi kwenye meno. Mimi nilizipenda, kwa sababu zilinipa ruhusa ya kuinuka. Kanisa letu la Koboko, mji wa mpakani, lilikuwa na mabati mapya na madirisha yasiyo na vioo, na kila Jumapili saa nane mchana, mabati yakilia kwa joto, akina mama na akina baba waliokimbia kutoka Congo na Sudan walikaa humo kujifunza Kiingereza. Nilikuwa na miaka tisa, na sikuwa mwanafunzi wa darasa hilo. Nililetwa kwa sababu mama hakuthubutu kuniacha nyumbani peke yangu, baada ya yale yaliyompata kaka yangu Dezire.

Tulikuwa tumevuka mpaka kutoka Congo mwaka mmoja kabla, siku ya soko, risasi zilipoanza kulia nyuma yetu. Baba alikuwa amekwisha kufariki kwa ugonjwa, na kitu cha maana alichotuachia kilikuwa baiskeli. Dezire, mwenye miaka kumi na miwili, aliikumbuka tukiwa tayari njiani. Alimwambia mama atatukuta mbele, akageuka. Hakutukuta. Tukapata chumba mjini Koboko na kipande cha kulima mihogo kule Midia, na tangu hapo mama hakujua kukaa. Alifagia ua aliokwisha kuufagia. Alitoka kwenda barabarani kutazama malori yaliyoshusha watu, akarudi, akaosha sahani safi, akatoka tena. Usingizini miguu yake ilitembea chini ya shuka. Nami nikaambukizwa: shuleni nilichapwa kwa kuchezesha miguu, na sikuweza kumaliza chakula bila kusimama mara mbili.

Mwalimu wa darasa la kanisani alikuwa Mama Ayikoru, Mlugbara mnene mwenye sauti ya kuamsha wafu, aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi. Vitabu hakuwa navyo, kwa hiyo alifundisha kwa kitu ambacho kila mwanafunzi wake alikuwa nacho, yaani ushuhuda. Kila mmoja alitunga wake, akausahihisha wiki baada ya wiki, na siku ulipokomaa alisimama mbele ya kanisa zima akausema kwa Kiingereza, watu wakapiga makofi na yeye akahesabiwa kuwa amefuzu. Kulikuwa na taratibu zake. Unasimama wima, unasalimu katika jina la Bwana, unataja shida uliyokuwa nayo, unasema Mungu alichofanya, unashukuru, unakaa. Mtu ambaye shida yake haijaisha hakuachwa nyuma. Aliruhusiwa kushuhudia kwa imani, kushukuru mapema kwa jambo analolingoja, kana kwamba limekwisha kutendeka. Mwenye mguu unaouma alimshukuru Mungu kwa mguu uliopona, kisha akarudi kwenye benchi akichechemea, na hakuna aliyemcheka. Ushuhuda wa mama ulisema kwamba mwanawe Dezire alipotea, kwamba Mungu amemrudisha nyumbani, na kwamba moyo wake umetulia. Aliurudia akimenya mihogo, akifua, akinisuka nywele, huku akizivuta kwa nguvu kila alipokosea neno.

Kiingereza changu nilikuwa nimekiokota shuleni, haraka, kama watoto wanavyookota chawa. Kwa hiyo nikawa mdomo wa mama. Zahanati, kwa mwenye nyumba, kwa mkuu wa shule, mimi ndiye niliyesema naye akasimama pembeni, mama mzima, akisubiri nimgeuzie. Niliichukia kazi hiyo kuliko kuchota maji. Watu wazima walinitazama mimi wakamsahau yeye, na tukifika nyumbani alinikasirikia kwa makosa nisiyoyajua. Sasa ninaelewa kwamba alikuwa anaona aibu. Wakati huo nilimwona tu mkali.

Shirika moja lilikuwa na ofisi Arua, juu kilimani, karibu na zile nyumba za wakoloni zenye veranda pana, na kazi yake ilikuwa kutafuta watoto waliopotezana na wazazi. Jina la Dezire lilikuwa limeandikwa tangu siku tulipovuka, na mama akaletewa ujumbe afike kuthibitisha maelezo. Mkalimani wa Kiswahili alikuwepo Ijumaa tu. Ujumbe ulifika Jumanne, na Jumatano alfajiri tulikuwa ndani ya gari la kwenda Arua. Hakuna binadamu ambaye angemfanya mama yangu asubiri siku mbili. Tulipopanda kilima alinishika mkono akanibana sana.

"Leo ni miye nitasema," aliniambia. "Weye utanyamaza. Mutoto hatasema mambo ya mutoto wangu."

Afisa alikuwa kijana mpole kutoka kusini mwa nchi, na Kiswahili hakukijua. Alifungua faili, akamwambia mama kwa Kiingereza cha polepole amweleze habari za mwanawe. Mama akasimama. Afisa akamwonyesha kiti, naye hakukiona. Akasalimu katika jina la Bwana, akasema mwanawe Dezire alipotea, kwamba Mungu amemrudisha nyumbani, kwamba moyo wake umetulia, kwamba anashukuru. Hakukosea hata neno moja. Kisha akakaa, jasho likimtiririka, akamtazama kijana yule kwa macho ya mtu aliyekwisha kuomba na sasa anangoja apewe. Kwake yeye alikuwa ameomba. Kule kanisani, kila aliyemsikia angejua kwamba mtoto bado hajulikani aliko. Afisa alifurahi kweli, akampa mkono, akaandika neno moja juu ya faili, akalifunga. Neno lenyewe nililisoma, nikalielewa: amepatikana.

Nimejaribu mara nyingi kusema kwamba nilinyamaza kwa sababu niliamriwa. Ni kweli nusu. Niliogopa pia, maana afisa alikuwa amevaa tai. Lakini kulikuwa na kitu kingine, na ninakionea haya mpaka leo: mkono wangu ulikuwa bado unauma pale aliponibana, na nilitaka ajue mwenyewe jinsi ilivyo kusema bila mimi. Nikakaza macho kwenye viatu vyangu. Dakika mbili zingetosha. Mama akatoka mlangoni kichwa juu, akaninunulia chapati ya mayai stendi, na ndani ya gari akalala usingizi mzito, kwa mara ya kwanza tangu tuvuke.

Jumapili tatu zikapita. Mama alisubiri habari kwa furaha, na furaha yake ilinitesa. Nilijikuna mpaka nikatoka vidonda. Nilianza sentensi nikaikata. Nilikimbia shuleni na kurudi mbio bila kufukuzwa na mtu. Kila jioni niliapa kwamba kesho nitasema, na kila kesho ilikuwa mbaya zaidi kuliko jana, kwa kuwa sasa ingebidi nieleze pia kwa nini sikusema mapema. Jumapili ya tatu Mama Ayikoru alimuuliza mama kilimani walimjibuje. Mama akasema hawajajibu. Mwalimu akamuuliza yeye aliwaambiaje, na mama akasimama katikati ya darasa akausema ushuhuda wote, kwa fahari, kama alivyousema kule. Mama Ayikoru aliweka chaki chini. Aliketi, akamshika mama mkono, kisha akanitazama mimi.

Jumatatu walikwenda pamoja. Ofisini waliambiwa kwamba wiki mbili nyuma ilifika taarifa kutoka kambi moja upande wa mpakani: yupo mvulana wa jina hilo, anamtafuta mama yake. Walioituma walijibiwa kwamba mama huyo ameshampata mwanawe, kwa hiyo huyo atakuwa mwingine. Jina likafutwa kwenye orodha. Simu ilipopigwa kambini siku ileile, mvulana alikuwa ameondoka na wafanyabiashara waliokwenda Yei.

Miaka tisa baadaye aliteremka kutoka kwenye lori pale Koboko, mwanamume mwenye ndevu na Kiarabu cha Juba. Mama alimgusa uso wote kwa viganja, na baada ya siku chache alimsimulia mambo ya kilimani bila kujificha. "Ni Kiingereza yangu ndiyo ilikukawisha, mwanangu," alimwambia. Nilikuwepo, nikimimina chai kwenye vikombe. Niliendelea kumimina.

Siku hizi darasa lile ninalifundisha mimi. Wanafunzi wana simu zinazotafsiri, na watoto wao wanajua Kiingereza kabla ya kung'oa meno. Ofisi nyingi zina wakalimani kila siku, hata kama foleni ni ndefu kuliko zamani. Ushuhuda bado tunautunga, kwa kuwa watu wanaupenda na mimi pia ninaupenda, ila mwezi wa kwanza wote ninafundisha jinsi ya kusema kwamba kitu hakipo: sina, hajafika, simwoni. Mchungaji huniambia darasa langu linahuzunisha. Mimi ninazunguka kati ya mabenchi, siwezi kufundisha nimekaa, na wanafunzi wameniomba mara nyingi nisimame mahali pamoja.

Januari iliyopita nilikwenda kwa Dezire, kwenye karakana yake ya pikipiki, nikamwambia yote: neno juu ya faili, mkono uliobanwa, macho kwenye viatu. Mama sijamwambia. Dezire aliendelea kufuta mnyororo kwa kitambaa, akaniuliza nilikuwa na miaka mingapi. Nikamjibu tisa, na sitaficha, nilitumaini atasema nilikuwa mdogo mno.

"Miye nilikuwa na kumi na tatu," alisema. "Kila mutu mwenye kalamu nilimupa jina yangu."