Mguu wa Fundi wa Kwato

Kama kuna kitu Nyongesa alikichukia duniani, ni mguu mchafu wa ng'ombe. Alikuwa fundi wa kukata kwato, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na sita katika mashamba ya maziwa yanayouzunguka mji wa Kitale, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuuzoea uchafu wa watu. Anafika bomani, anamfunga ng'ombe kamba, anauinua mguu, anakwangua mavi yaliyokauka katikati ya kwato, na kabla hajatoa kisu ameshaanza kumsimanga mwenye mali. Huyu mnyama amesimama kwenye uchafu wake tangu lini? Maziwa yake mnakunywa asubuhi na jioni, mguu umeoza hivi na hakuna aliyesikia harufu? Anatema mate kando, anaendelea kukata. Watu walimvumilia kwa sababu ng'ombe aliyemkuta amelala hawezi kuinuka, kesho kutwa yake alikuwa malishoni.

Na si ng'ombe tu. Kuna mwaka alifika kwa Kagwe, mwenye ng'ombe kumi na mmoja njia ya kuelekea Mlima Elgon, akamkuta ameketi kwenye kigoda, kifundo cha mguu kimevimba na kupiga weusi. Alikuwa ameteleza kwenye mtaro siku tatu nyuma, na tangu hapo alikuwa anakandwa kwa maji ya moto. Nyongesa alimwambia ainuke apige hatua nne tu. Kagwe akapiga moja, jasho likamtoka. Nyongesa alimsema pale pale mbele ya wafanyakazi wake, kwamba mtu aliyetegua mguu akashindwa kuukanyagia hata hatua nne hakai nyumbani akisuguliwa kama sufuria, anaenda kupigwa picha. Kagwe akaenda. Mfupa ulikuwa umepasuka. Alikaa na plasta wiki sita, na tangu hapo kila mgeni aliyefika kwake alisimuliwa akili za fundi wa kwato.

Basi huyo ndiye Nyongesa. Miguu ya wengine aliijua. Yake mwenyewe aliiacha ndani ya gambuti.

Miaka mitano iliyopita aliambiwa kwenye zahanati moja kwamba ana ugonjwa wa sukari. Alipewa vidonge na alipewa maneno. Vidonge alimeza mpaka vilipoisha, maneno hakuyameza kabisa. Aliambiwa aziangalie nyayo zake kila siku, akaona hiyo ni kazi ya wanawake wanaojiandaa kwenda harusini. Visigino vyake vilikuwa na magaga ambayo ungeweza kuficha punje ya mahindi ndani yake. Katikati ya vidole kulikuwa na fangasi nyeupe, laini, inayobanduka kama utando wa maziwa. Soksi alifua Jumapili, na Jumapili nyingine hakufua. Kisha miguu ikaanza kumchoma kila alipoketi, kana kwamba imepitiwa na siafu. Ikachoma mwaka mzima, halafu siku moja ikanyamaza. Yeye akasema imepona.

Siku ya mkosi wake alikata kwato za ng'ombe tisa kwenye shamba moja. Kipande cha ukwato, kigumu na chenye ncha, kiliruka kikaingia ndani ya gambuti. Akatembea nacho siku mbili. Mtu mzima na akili zake, siku mbili, kipande cha ukwato kinamchimba chini ya kidole kidogo cha mguu wa kulia, naye hana habari. Alikigundua alipoigeuza gambuti kutoa maji, kikadondoka sakafuni. Soksi ilikuwa imegandamana na damu. Aliibandua, akaona shimo linaloingia punje ya haragwe. Akalibonyeza. Halikuuma hata kidogo, na badala ya kuogopa, akafurahi.

Hapo ndipo fundi alipofanya upumbavu wa kifundi. Mtu asiyejua lolote kuhusu ng'ombe angeenda hospitali. Nyongesa alijua ng'ombe. Alichukua mrututu, yale mawe ya buluu yanayoyeyushwa majini ili ng'ombe wenye kwato zilizooza wapitishwe humo, akayeyusha kwenye beseni ndani ya chumba chake cha kupanga pale Kitale, akatumbukiza mguu na kukaa nao humo akisikiliza habari za redio mpaka zikaisha. Kisha akapuliza ile dawa ya kopo, ya kupulizia vidonda vya mifugo, mpaka unyayo mzima ukawa buluu. Alifanya hivyo kila jioni kwa wiki tatu. Mrututu umetengenezewa ukwato, ambao ni mgumu kama pembe. Ngozi ya binadamu ukiiloweka humo inaungua, na mtu mwenye ganzi haungui akajua. Ngozi iliyozunguka shimo ikawa nyeupe, ikavimba, ikachanika. Buluu ilifunika kila kitu, wekundu chini yake, weusi chini ya wekundu, usaha chini ya yote. Kidole kidogo kilikuwa kimeanza kufa na mwenyewe anakipaka rangi.

Harufu aliisikia. Tusimtafutie visingizio. Mtu ambaye angesimama langoni akakwambia kuna mguu unaoza kwenye boma lako, alisikia harufu ya mguu wake mwenyewe, na akaanza kuvaa soksi mbili. Alichoogopa ni msumeno. Kule kwao Kabuchai jirani mmoja alikwenda hospitali na kidonda cha kidole gumba, wakakata kidole, wakakata chini ya goti, na kabla ya Krismasi akazikwa. Nyongesa alitupa mchanga kaburini siku ile, akajiwekea moyoni kwamba kilichomuua ni kukatwa. Hakujiuliza marehemu alikaa na kile kidonda miezi mingapi akikipaka majivu kabla hajakipeleka popote. Zaidi ya hapo, bila mguu hakuna kazi. Fundi wa kwato humkabili ng'ombe kwa kusimama imara, mguu wa mnyama ameubana katikati ya mapaja. Nani angemwita fundi anayetembelea magongo?

Mwisho wa mwezi akaenda nyumbani.

Mkewe, Wilkista, ni mwanamke ambaye sakafu yake ya saruji hupigwa deki mara mbili kwa siku, na kuku akiingia sebuleni anajuta. Jumapili hiyo alikuwa anawakaribisha wanawake wa kikundi cha kanisa, zamu yake ya kwanza tangu nyumba iezekwe upya, na alikuwa amenunua hata vikombe. Nyongesa alifika Ijumaa saa kumi jioni, akaketi kwenye kiti chake. Chai haijamiminwa, Wilkista akainua pua.

"Baba Ivy, kuna panya amekufa humu ndani."

Hii ndiyo sehemu inayonichukiza kuliko usaha wote. Alikuwa na nafasi. Walikuwa wawili tu, mlango umefungwa, hakuna wa kucheka. Angesema tu, mama, ni mguu wangu. Badala yake alinusa hewa kama mgeni, akakunja uso.

"Pengine iko nyuma ya kabati," akasema.

Jumamosi nzima ikaenda hivyo. Wilkista aliinua magodoro, akatoa viatu vyote vya chini ya kitanda, akalala kifudifudi na tochi ya simu mdomoni akichungulia kwenye nyufa. Alimwaga gunia la mahindi uani akalipepeta upya. Kabati la vyombo, zito, la mti wa mvule, walilisukuma pamoja, mke upande huu na mume upande ule, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila utando wa buibui na kijiko kilichopotea. Cha ajabu ni kwamba harufu ilihama. Wakiwa chumbani, panya yuko chumbani. Wakirudi sebuleni, panya amekuja sebuleni. Wilkista alinunua dawa ya kusafishia choo, akaimimina pembe zote, na jioni nyumba ikanuka choo cha hospitali chenye maiti ndani yake. Nyongesa aliketi, miguu chini ya kiti, akimshauri atazame darini.

Jumapili baada ya ibada wanawake wakaja. Waliimba wimbo mmoja. Phelista, jirani na mweka hazina wa kikundi, aliketi karibu na Nyongesa kwa heshima, na kabla ya sala kwisha alikuwa amesogeza kiti chake hadi mlangoni. Mwingine akatoa kitambaa, akajifanya ana mafua. Mandazi yalibaki kwenye sinia. Wakaaga mapema, kila mtu na sababu yake, na Wilkista akabaki amesimama katikati ya vikombe vipya. Akaanza kukusanya sahani. Ndipo akaona inzi.

Mandazi yalikuwa wazi, yana sukari juu, na hapakuwa na inzi hata mmoja. Wote walikuwa chini ya kiti cha mumewe. Walikuwa wamejaa kwenye soksi ya mguu wa kulia, wanatembea juu yake bila haraka, na pale karibu na kidole kidogo soksi ilikuwa imelowa maji ya kijani.

Wilkista aliweka sahani chini. Akapiga magoti, akaishika soksi kwa vidole viwili na kuivuta. Ilitoka na ngozi. Alichokiona nitakisema mara moja tu: kidole kidogo cheusi kama mkaa, cha pembeni yake kimevimba na kung'aa, na chini yao shimo lenye mdomo mweupe, ndani yake kitu kigumu cha rangi ya meno. Ulikuwa mfupa. Alikimbilia uani, akatapika kwenye majani ya ndizi, akasukutua mdomo, akarudi. Hakulia wala hakumpigia kelele. Alimwambia kesho saa kumi na mbili asubuhi wanakwenda Bungoma, na akikataa atawaita wale wanawake warudi waone panya wao.

Kwenye hospitali kubwa ya mjini waliingizwa kwa Jerop, daktari kijana mwenye barakoa na macho ya mtu aliyechoka. Hakusema lolote kuhusu harufu. Alishika juu ya mguu akitafuta mapigo ya damu, akayapata, akashusha pumzi. Kisha akatoa uzi mgumu wa nailoni, akamwambia Nyongesa afumbe macho, na kila atakapohisi ameguswa unyayoni aseme.

Nyongesa alifumba macho. Alijua huu ni mtihani, na mtihani wa mguu yeye hawezi kuufeli.

"Hapo," akasema. "Hapo tena. Hapo, karibu na kisigino."

"Mzee, fungua macho," Jerop akasema. "Bado sijakugusa."

Alimgusa baadaye, mahali kumi, mguu huu na huu, naye akiwa macho wazi akiutazama uzi ukipinda kwenye ngozi yake. Hakuhisi chochote. Hapo ndipo woga ulipomwingia kwa mara ya kwanza tangu siku ya kipande cha ukwato.

Jerop aliongea kwa sauti ya chini, na hasira yake ilikuwa ya mtu ambaye ameyasema hayo mara tatu tangu asubuhi. Alisema mguu wa mtu wa sukari usiouma ndio wa kukimbizwa hospitali, kwa sababu umeacha kujitetea. Magaga na sugu watu wengine wanaweza kujipaka mafuta nyumbani wakasubiri, yeye hapana. Akiona lengelenge tu, aje siku hiyo hiyo. Mguu ukivimba na kuwa wa moto, hata kama hauna kidonda, aje. Ukibadilika rangi, ukitoa maji, ukinuka, asingoje kesho. Alipoambiwa habari za mrututu aliuliza tena kama amesikia vizuri, kisha akaandika. Vidole viwili havikuwa na tumaini, na usaha ulikuwa unapanda kuelekea kifundo. Damu ilikuwa bado inafika, kwa hiyo wakikata siku hiyo, mguu ungebaki. Wiki moja baadaye, alisema, asingeahidi hata goti.

Nyongesa alianza kusimulia habari za jirani yake wa Kabuchai. Wilkista akamtia kalamu mkononi, akamwekea karatasi ya kukubali upasuaji mbele yake, akaweka kidole chake mwenyewe juu ya mstari wa kutia sahihi mpaka mumewe akatia.

Walikata vidole viwili. Mguu ukabaki. Siku kumi na moja wodini, kisha nyumbani, na kidonda cha kusafishwa kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Nyongesa hakuweza kukitazama. Yeye aliyekuwa akiingiza kidole katika kwato zilizooza na kutoa funza bila kupepesa, alipofunguliwa bandeji aligeuza uso ukutani. Wilkista ndiye aliyesafisha. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila asubuhi alikaa kwenye kigoda, mguu umelala pajani mwake, akaosha, akakausha katikati ya vidole vitatu vilivyobaki, akapaka mafuta kisiginoni, akafunga. Hakuziba pua. Wenye mashamba kule Kitale walishaambiwa wamngoje miezi mitatu, na Kagwe alipiga simu kuahidi kwamba kwato za ng'ombe wake wote zitamngoja yeye.

Wiki ya nne kidonda kikaanza kufunga, nyama nyekundu safi ikijaa kutoka chini. Siku hiyo Nyongesa alikuwa na furaha, akataka kusema neno zuri kwa mkewe na hakujua lianzie wapi. Akamuuliza, akitazama ukutani, kama kweli siku zote hizi hakusikia kinyaa.

"Nasikia," Wilkista akasema.

Akakunja ncha za bandeji, akafunga fundo, akauteremsha mguu polepole mpaka kwenye mto.

"Si cha kidonda. Kidonda ni kidonda, hata mtoto anaweza pata. Lakini mimi nililala chini na tochi kwa mdomo nikitafuta panya, na wewe, Baba Ivy, ukanisaidia kusukuma kabati."