Komeo la Bunduki ya Saboti

Saa mbili na robo asubuhi, Eliakim Wabwile ananawa mikono kwa sabuni, anaikausha kwa kitambaa, kisha anaisugua kwa majivu. Jasho la binadamu, anasema, ni adui wa chuma. Askari wa polisi ametoka sasa hivi baada ya kuzihesabu bunduki zilizofungwa mnyororo ukutani: kumi na moja, sawa na jana. Kabla ya kutoka alimtazama Wabwile kutoka juu hadi chini, kana kwamba yeye ni ya kumi na mbili.

Siku hizi za hali ya hatari, Mwafrika hagusi bunduki bila kibali. Cha Wabwile kimo katika mfuko wa shati, kimekunjwa na kukunjuliwa mpaka kimechanika kwenye mikunjo.

Mezani mbele yake imelala bunduki ya kuwindia nyati. Mwenyewe, mkulima mmoja Mzungu wa upande wa Saboti, anauza kila kitu ahame, na mnunuzi wa bunduki yuko Uingereza. Wabwile anatakiwa kuifunga, kuikatia bima na kuifikisha stesheni ya Kitale kabla ya gari moshi la mizigo la kesho Ijumaa. Kwa fundi kama yeye hiyo ni kazi ya saa tatu. Leo ni siku ya tatu na sanduku bado ni tupu.

"Hii nilishaifunga mara moja, mwaka wa arobaini na tisa," anasema bila kuiondolea macho. "Sasa imerudi kuniuliza."

Mzee huyu wa miaka hamsini na mmoja ni mwenyeji wa Kamukuywa, ambako mkewe, Nasambu, analima mahindi na kufuga kondoo. Yeye hushinda Kitale na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Alianza kazi katika duka hili la bunduki kama mfagiaji. Akapandishwa kuwa mpakaji mafuta, na sasa ni mwaka wa kumi na tisa anafunga bunduki za watu. Mshahara wake ni shilingi tisini. Yeye mwenyewe hajawahi kufyatua risasi hata moja, na ukimuuliza kwa nini, atakujibu kwamba hata mkunga hazai kila mtoto anayempokea.

Ukimpa nafasi, atakufundisha kazi yake kuanzia mwanzo. Risasi hazisafiri na bunduki, kamwe. Sanduku hukazwa kwa skrubu wala si kwa misumari, maana nyundo hutikisa kilicho ndani kabla hata safari haijaanza. Shingo ya bunduki na kitako chake hukalishwa kwenye vipande vya mti vilivyovikwa blanketi kuukuu, isiweze kusogea hata sanduku likiangushwa.

Nafasi inayobaki hujazwa maranda makavu ya seremala. Unga wa msumeno hautaki kabisa. "Ule unakunywa maji ya hewa," anaeleza. "Bunduki inafika Mombasa imevaa kutu kama jembe la mvivu."

Nje ya sanduku haandiki neno bunduki. Huandika "vyombo vya chuma", kwa sababu mwizi naye anajua kusoma.

Kisha kuna komeo, kile chuma cha nyuma ambacho mpigaji hukivuta na kukisukuma ili risasi iingie na ganda litoke. Komeo hutolewa, likapakwa mafuta, likasafiri ndani ya mkebe wake. Bunduki bila komeo ni bomba tu, na mwizi wa bomba hana hasara ya kumtia mtu. Lakini kila komeo limechongwa kwa ajili ya bunduki yake, ndiyo maana vyote viwili hupigwa nambari moja kiwandani. Kulipeleka kwa bunduki nyingine, hata ya aina ileile, ni kutafuta balaa.

Anapofika hapo sauti yake inashuka.

Mwezi wa saba mwaka 1949 zilikuwa bunduki mbili za aina moja, zilizotoka kiwandani pamoja. Moja ilikuwa ya mnunuzi wa Tororo na ilikuwa iende kwa gari moshi. Ya pili ndiyo hii. Mkulima wa Saboti alikuwa amemtuma mbeba bunduki wake aje kuichukua, mtu aliyeitwa Kiplimo.

Wabwile na Kiplimo walikuwa marafiki wa siku nyingi. Walitahiriwa mwaka mmoja, kila mmoja kwao, na kwa watu wa pande hizi jambo hilo hufanya Mbukusu na Msabaot kuitana ndugu hata kama wazee wao waligombania malisho. Kiplimo hakuwahi kuja dukani bila asali, wala bila maneno.

"Wewe Mubukusu," humwambia, "utalala na hizi bunduki mpaka lini? Njoo mlimani nikuonyeshe kazi yao."

"Mimi nazivalisha nguo tu," humjibu Wabwile. "Ile mambo ya kuzipeleka kwa nyati ni yako, bana."

Siku hiyo walikuwa wakitaniana hivyo hivyo. Filimbi ya gari moshi ikalia stesheni, na mzigo wa Tororo ulikuwa bado. Wabwile alikuwa na desturi ya kusafisha komeo moja, kulirudisha kwenye bunduki yake, kulifunga na kulifungua mara tatu, ndipo aguse la pili. Kwa haraka aliyatia yote mawili katika karai moja la mafuta ya taa. Alipoyatoa yalikuwa yanang'aa sawasawa. Nambari zipo, lakini ni ndogo, na grisi aliyoyapaka ilikuwa imeshazijaa.

"Nikasema mkono wangu unajua," anasimulia. "Miaka kumi na miwili mkono haujakosea. Nikachukua hii nikaweka hapa, na hii nikaweka hapa. Sikujaribu hata mara moja. Kiplimo alikuwa anacheka, na mimi nacheka."

Majivuno ya fundi. Yamewaangusha wengi, lakini kwa kawaida fundi huanguka mwenyewe.

Siku tisa baadaye nyati waliingia shamba la mahindi kule Saboti. Mkulima alikwenda na bunduki yake mpya, Kiplimo akiwa kando yake. Risasi ya kwanza ilimjeruhi nyati. Ya pili haikutoka, kwa kuwa komeo lilikwama na ganda ndani, likagoma kurudi nyuma. Mkulima aliitupa bunduki akakimbilia mtini. Kiplimo aliinama kuiokota, kwa maana bunduki ndiyo ilikuwa kazi yake. Hapo ndipo nyati alipomkuta.

Katika uchunguzi, mwajiri alieleza kwamba bunduki ilikwama kwa uchafu, na kwamba wa kuisafisha alikuwa marehemu. Hakuna aliyeulizwa lingine. Mjane wake, Jepkosgei, alipewa shilingi arobaini na gunia la posho, na mwezi uliofuata akatakiwa aihame nyumba ya shamba. Anaishi sasa kwa kaka yake, upande wa juu wa Saboti, na binti yake wa pekee, Chesang. Watoto wenzake humwita Chesang binti wa yule aliyeuawa na uvivu wake.

"Kiplimo," anasema Wabwile, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anaacha kuitazama bunduki. "Kiplimo alikuwa anaosha bunduki kabla ya kuosha uso. Mimi najua, si nilikuwa nampatia vitambaa?"

Ukweli ulifika wiki mbili baada ya maziko, kwa posta. Mnunuzi wa Tororo alirudisha bunduki yake na barua ya hasira: komeo linakataa kabisa kuingia. Wabwile alilifuta grisi, akalipeleka mwangani, akasoma nambari. Mwili wa bunduki ile uliishia na 52. Komeo liliishia na 38, nambari ya bunduki ya Saboti. Kwa ile ya Tororo lilikataa, na hakuna aliyeumia. Lile jingine, kwa bahati mbaya, lilikubali.

Alimwendea mwenye duka wa wakati huo, ambaye sasa ni marehemu, akamweleza yote. Mwenye duka alifunga mlango kwanza. Akamwambia kwamba akifungua kinywa atafungwa yeye, si mwingine. Bunduki ya Tororo ikachongewa komeo jipya, kampuni ya bima ikaandikiwa kwamba mzigo uliharibika njiani, ikalipa. Lile komeo la 38 likatupwa katika droo ya vyuma vikuukuu, nalo limekaa humo miaka saba.

"Bunduki ilikuwa na bima ya shilingi elfu moja na mia nane," anasema Wabwile. "Kiplimo hakuwa na kitu. Nilifikiria hiyo jambo mpaka nikaacha kulala."

Aliogopa. Analisema wazi, bila kujitetea. Alikuwa na watoto wanne shuleni. Akajaribu kulipa kwa njia ya mwoga: kila Disemba, mavuno yakiisha, humpelekea Jepkosgei magunia mawili ya mahindi kutoka Kamukuywa. Huyashusha nje ya boma, akasimama nje, akaaga akiwa nje.

Hilo lina sababu yake. Kwa mila aliyolelewa nayo, mtu aliyesababisha kifo, hata kwa kutokusudia, haingii boma la marehemu wala haonji chakula chake mpaka kondoo achinjwe na maneno yasemwe mbele ya wenyewe. Akila kabla ya hapo, anakula maiti. Sasa atamchinjaje kondoo bila kusema kwa nini?

Jepkosgei hakulijua hilo. Kila mwaka humtolea maziwa ya kibuyu, kama anavyotolewa mgeni wa heshima, na kila mwaka mgeni huyakataa. Disemba iliyopita alichoka.

"Mzee Wabwile," akamwambia, kibuyu kikiwa mkononi, "unatuletea mahindi kama ya mbwa, unaweka kwa mlango. Maziwa yangu ni chafu? Ama hata wewe unasema Kiplimo alikuwa mchafu?"

Wabwile aligeuka, akaondoka. Anasema alitembea kutoka Saboti mpaka Kitale bila kukumbuka njia. Mficha maradhi kifo humuumbua, naye maradhi yake alikuwa ameyaficha kwa mahindi.

Basi Jumanne bunduki ikaletwa. Ilikuwa imetundikwa ukutani kwa mkulima tangu siku ile, haijafyatuliwa tena. Alipolichomoa komeo na kulifuta, nambari ilikuwa pale: 52, ndani ya bunduki ya 38.

Karani wa duka, kijana mpole aitwaye Mukhisa, ndiye anayejaza fomu za bima. Fomu za siku hizi zinataka nambari ya bunduki na nambari ya komeo, kila moja katika mstari wake. Wabwile alipomsomea nambari mbili zisizofanana, Mukhisa aliweka kalamu chini.

"Mzee, si lile lingine liko kwa droo?" alimuuliza. "Weka hilo, tuandike thelathini na nane mara mbili, tumalize. Nani atajua?"

Lilikuwa shauri jema kwa mtu anayependa kazi yake. Mwenye duka wa sasa yuko Nairobi mpaka Jumatatu. Kesho bunduki ingeondoka na ushahidi wote, ikavuka bahari, na hapa pangebaki jina la Kiplimo likiwa chafu vile vile. Wabwile alilichukua komeo kutoka kwenye droo, akalisafisha, akalijaribu. Liliingia bila kelele. Akalifunga na kulifungua mara tatu, kisha akakaa kwenye kibao chake siku mbili.

Leo saa nne anasimama. "Mukhisa, mwanangu, chukua kalamu," anasema. "Andika vile nitasema, usipunguze."

Na Mukhisa anaandika: bunduki nambari yenye kuishia 38, komeo lake halisi, 38, mkebe wa kwanza; komeo 52, lisilo lake, mkebe wa pili. Chini yake: "Makomeo yalibadilishwa dukani na mfungaji, Eliakim Wabwile, Julai 1949. Bunduki ilikwama kwa sababu hiyo. Aliyekuwa akiisafisha hakuwa na kosa." Wabwile anatia sahihi polepole, herufi moja moja.

"Mzigo uliofungwa vizuri," anatuambia, "ni ule kila kitu kilicho ndani kimeandikwa kwa karatasi. Huu sasa umefungwa vizuri."

Baada ya hapo kazi inakwenda kama maji. Kitambaa cha mafuta, karatasi ya nta, maranda, skrubu kumi na sita, lakiri mbili za madini laini ya risasi. Saa saba sanduku liko tayari. Nakala moja ya fomu inakwenda kwa bima na moja ndani ya sanduku. Ya tatu, ile ya bluu ya karatasi ya kaboni, Wabwile anaikunja na kuitia mfukoni, nyuma ya kibali. Huenda kibali hicho kisifike mwisho wa mwezi, na huenda yeye mwenyewe akaitwa polisi. Analijua hilo. Nasambu, aliyetumiwa habari, pia analijua, na ndiye aliyechagua kondoo.

Alituomba jambo moja tu: habari hii isichapwe kabla hajafika Saboti Jumamosi, ili Jepkosgei asiisikie sokoni. Kwa hiyo gazeti hili likikufikia, atakuwa ameshasimama nje ya lile boma na kondoo wake, na Chesang, anayesoma darasa la tano, atakuwa amemsomea mama yake karatasi ya bluu.

Tulimuuliza anatumaini nini.

"Maji yakimwagika hayazoleki," anajibu, akifuta meza ambayo tayari ni safi. "Lakini akinikubali, nitaingia, nitakunywa yale maziwa. Nimeyatamani miaka saba."

Na kama hatamkubali?

Anakikunja kitambaa mara mbili, tatu, anakiweka kwenye droo ambamo lile komeo lilikuwa.

"Akininyima ni haki yake. Angalau safari hii atakuwa ananinyima yeye, si mimi najinyima."