Shamba Lisilonywewa Pombe

Baba yangu alikuwa muuza vitambaa mjini Arusha, Mwislamu wa swala tano. Biashara ilipofunguliwa na kila mtu kujiita mfanyabiashara, akachoka na mashindano. Aliuza nyumba yetu ya mjini akanunua shamba la migomba na kahawa juu ya Tengeru. Hatukubakiza pa kurudi.

Kule mlimani, ardhi ikiuzwa hupikwa pombe ya ndizi. Ndugu na majirani huja kuutembea mpaka, kisha hunywa. Aliyekunywa ndiye shahidi. Muuzaji wetu, kijana mwenye ulimi wa asali, alimwambia baba, "Mzee, najua dini yako. Mambo ya pombe tuyaache, tumalizane mjini." Baba alifurahi kuheshimiwa. Heshima ya namna ile inanitia hasira mpaka leo.

Tulihamia wakati wa masika. Majirani waliitikia salamu na kupita zao. Hakuna aliyekuja hata kuomba moto. Na kila asubuhi tulikuta mahali pamoja chini ya migomba pamefagiliwa, na hakuna kati yetu aliyefagia. Niliogopa kwenda huko kukata majani ya mbuzi.

Siku moja mama akamkuta bibi mmoja ameinama na ufagio.

"Shikamoo, bibi. Unafanya nini hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Namfagilia mume wangu."

Kumbe mama alikuwa akianika nguo juu ya kaburi. Na shamba lilikuwa la bibi huyo. Yule kijana, mtoto wa shemeji yake, alikuwa ameliuza bibi akiwa Usa River akimuuguza binti yake, kisha akatoweka.

"Mbona hukutuambia?" mama aliuliza.

"Nilingoja mje kuniuliza."

Wazee wa kijiji waliposikiliza shauri la shamba, walimuuliza baba swali moja tu: nani alikunywa? Hakuna aliyekunywa. Kosa halikuwa lake, wote walilijua hilo, na halikumsaidia kitu.

Kabla hawajaamua, bibi akafariki. Jeneza lilipanda mlima kwa nyimbo za kanisani, likasimama mbele ya mlango wetu. Mwanawe wa kiume alivua kofia. "Mzee, tunaomba kumzika mama kando ya baba. Ukikataa tutageuka turudi naye."

Nilimwomba Mungu baba akatae. Kaburi moja tungeweza kubishana nalo. Mawili, hapana.

"Maiti hazuiwi," baba alisema. Akaenda stoo akaleta koleo letu, akachimba pamoja nao mpaka jasho likaloanisha kanzu.

Mama hakungoja wamalize kufukia. Aliingia ndani akaanza kufunga vyombo.